Ngazi ya Makumbi

Juzi vijana wanaojenga nyumba ya wageni karibu na pwani yetu walichimba msingi wakakutana na shimo la makumbi. Makumbi ya nani, sijui. Aliyeyafukia huenda kafa, au kahamia Mombasa akayasahau. Jembe lilipoyapasua ikatoka ile harufu, na fundi wao, mtu wa bara, akaziba pua kwa shati akauliza kama hapo chini pana choo cha zamani au pana maiti. Mimi nilikuwa napita na kikapu changu cha samaki. Nikasimama. Vijana wananiambia bibi ondoka utatapika, na mimi navuta pumzi kama mtu anayenusa udi.

Nyinyi wa rika langu mnaijua harufu hiyo. Lakini wajukuu wetu wanajua kamba ya nailoni tu, ile ya buluu ya dukani, unaifunga fundo jioni na asubuhi limejifungua lenyewe, kwa hivyo niacheni nieleze kidogo. Kumbi la nazi hufukiwa katika tope la pwani, pale maji yanapojaa na kupwa, likaachwa miezi mpaka kilicho laini kioze zibaki nyuzi. Ndipo linafukuliwa, linapondwa kwa gongo, linaoshwa, linaanikwa, kisha mtu anakaa kitako anasokota juu ya paja. Harufu yake ni ya yai viza lililolala baharini. Huingia katika nywele na haitoki. Bibi yangu, Bi Esha, mama mzazi wa baba, alikuwa nayo hata siku ya Idi, na udi wote aliojifukiza ulikuwa kazi bure. Mimi nilipokuwa mdogo nilidhani hiyo ndiyo harufu ya mtu mzima. Nilidhani na mimi nikikua nitanuka hivyo, nikawa naisubiri.

Basi pale penye shimo la mafundi nikarudi Kipungani yangu ya utoto, kisimani, na meno yangu mawili ya mbele hayapo.

Kipungani ya wakati huo ilikuwa na kisima kimoja tu cha maji matamu, nje kidogo ya nyumba, katikati ya minazi. Watu wa kale walikijenga kwa mawe ya matumbawe, mdomo mwembamba na tumbo pana kama mtungi, kina chake kinapita pima nne. Kila baada ya miaka kadhaa mchanga na makuti hukijaza chini, na lazima mtu ashuke atoe taka. Wanaume walishuka kwa kutia vidole vya mikono na miguu katika vishimo vilivyoachwa ukutani, wameng'ang'ania kama mijusi. Kamba hawakujifunga. Kushuka na kamba kiunoni ilikuwa aibu, wangemwita mtu mwana-mbuzi mpaka kaburini. Nawaambia kweli, watu wetu wengi wamekufa kwa aibu kuliko kwa maradhi, lakini hilo niliache.

Ami yangu Bakari, mdogo wa baba, alishuka asubuhi moja akipiga mluzi. Jiwe likang'oka na mguu wake. Walimtoa yuko hai. Akakaa siku tatu.

Baada ya matanga Bi Esha alikwenda mwenyewe akaburuta magogo ya mnazi akaziba mdomo wa kisima, na hakuna mwanamume aliyethubutu kuyagusa. Tukawa tunateka maji mbali, kisima cha upande wa pili, maji ya chumvichumvi. Chai ya mwaka ule nikiikumbuka ulimi unakunjamana. Mama yangu alibeba ndoo mpaka shingo ikawa haigeuki, akitaka kukutazama anageuka mwili mzima kama mlango.

Watu walimvumilia bibi kwa ajili ya msiba. Mwaka ulipokwisha wazee wakaja barazani, wakanywa kahawa yake, wakasema kwa adabu kwamba maji ni haki ya kijiji na kwamba Omari, ndiye baba yangu, yuko tayari kushuka. Baba ndiye mtoto pekee aliyembakia. Baba naye alikuwa ameinamisha kichwa, maana ndiye aliyewaita. Bibi alikusanya vikombe vyote, kimoja kimoja, ndipo akasema:

"Atashuka. Lakini kwa ngazi yangu."

Ngazi ipi? Ngazi ya boriti isingeweza, kisima kile hakina ukuta wa kuegemea, kimeachana na mtu mara tu unapopita mdomo. Bibi alisema ngazi ya kamba. Hapakuwa na mtu Kipungani aliyepata kufanya kitu hicho. Yeye mwenyewe aliiona mara moja tu maishani mwake, alipokuwa msichana, alipopelekwa mjini Amu harusini. Meli ya chuma ilitia nanga nje, na ubavuni mwake ikaning'inia ngazi ya kamba, na mtu mwenye kofia akawa anaishuka. Aliitazama kutoka gatini kwa muda wa kutafuna tambuu moja. Akaitia kichwani, akaenda nayo harusini, akaolewa nayo, akazaa nayo, na miaka yote hiyo baadaye akaitoa nzima.

Sijapata kuona kazi kama ile. Kwanza alichagua makumbi, akayakataa zaidi ya nusu. Akasokota kamba mbili za pembeni, nene kama kifundo changu cha mkono, za nyuzi tatu, na kila uzi umesokotwa peke yake kwanza. Vipandio akavikata kwa mti wa mkandaa, vipande ishirini na viwili, na kila ncha akaichonga mfereji mdogo ili kamba ikae humo isikimbie. Kutoka kipandio hadi kipandio ni shibiri moja na nyanda nne, ndio upana wa vidole vinne, akipima kwa mkono wake mwenyewe. Aliufungua msokoto wa kamba nene, akapenyeza ncha ya mti katikati ya nyuzi, akauachia ukaubana kama mdomo wa kaa. Halafu kwa kamba nyembamba akafunga fundo juu ya ncha na fundo chini yake, la chini ndilo libebalo uzito. Pande mbili, mafundo manne kwa kila kipandio. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni mwake nikimpa vipande, na ngazi ikawa inakua mkekani, inatambaa kutoka ukumbini inaingia uani. Nilihisi kama naona kitu kinazaliwa.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Asubuhi tulikuwa tunakwenda chuoni. Siku moja maalimu akatufasiria ile sura fupi ambayo kila mtoto huisoma kabla ya kulala, tunapojikinga na shari ya wanaopuliza katika mafundo. Sisi tulikuwa tukiisoma kama kasuku. Maalimu akatueleza kwamba hao ni wanawake wachawi. Hufunga fundo, huliweka mdomoni, hulisemea maneno, hulipuliza, na mtu waliyemkusudia hufungika asifunguke. Nikarudi nyumbani na juzuu yangu kwapani. Nikamkuta bibi mkekani. Akafunga fundo. Akaliinua mdomoni. Midomo ikatikisika. Akapuliza, fuu.

Akachukua kamba, akafunga la pili. Akaliinua mdomoni.

Siku zote alikuwa akifanya hivyo mbele yangu na sikuliona. Siku ile nililiona. Nilikaa nikampa vipande vya mti kama kawaida, na kichwani nafanya hesabu ya mtoto: ami Bakari alikuwa mwanawe, na alikufa kisimani. Baba ni mwanawe, na anashuka kisimani. Na ngazi hii imepulizwa kila mahali.

Nilimweleza mtu mmoja tu, Zena wa nyumba ya pili, aliyenizidi mwaka mmoja na aliyejua kila kitu duniani. Zena alifikiri, akaniambia dawa yake ni nyepesi, fundo la mchawi likifunguliwa uchawi unatoka. Nikasema ni mengi. Akasema si lazima yote, uchawi hukaa katikati, kama kiini cha yai.

Ngazi ilipokwisha, bibi hakuiamini. Kazi ya mikono yake mwenyewe, hakuiamini. Aliilaza baharini siku mbili imekandamizwa kwa mawe ili mafundo yajibane, akaikausha kivulini kwa kuwa jua huvunja uzi. Kisha akawaambia wanaume waitundike kwenye mkwaju, na magunia mawili ya mchanga mwishoni, uzito wa watu wawili. Ikakaa hivyo kutwa. Halafu akakanyaga kila kipandio yeye mwenyewe. Waliivuta juu kidogo kidogo ili kile anachokikanyaga kiwe karibu na ardhi, kikikatika asiumie. Na Bi Esha alikuwa mwanamke wa mwili, aliwahi kuvunja kitanda cha watu matangani na ikabidi msiba ucheke. Vyote ishirini na viwili vikamchukua.

Bwana Athmani alipita akamwona juu ya ngazi. Huyu ndiye aliyekuwa hodari wa kushuka visima kwa vishimo vya ukutani kabla ya ami Bakari, na jambo la ngazi lilimkera. Akasimama, akashika kiuno. "Bi Esha," akasema, "umefuma mkeka ukasahau katikati." Watu walicheka siku nzima. Bibi naye alicheka, akamwambia akitaka katikati yake alete miaa.

Jioni yake, ngazi imekunjwa ukumbini tayari kwa kesho, bibi akaingia kuoga kabla ya magharibi. Nilichukua shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka. Nikahesabu mpaka kipandio cha kumi na moja, nikaanza fundo la chini upande wa kushoto. Msichezee fundo la makumbi lililolala baharini. Nilichoma, nikavuta kwa meno, ufizi ukatoka damu pale penye pengo. Adhana ikaanza na mimi nimefungua moja tu. Nikazichomeka ncha ndani zifanane na nyingine, nikarudisha ngazi kama ilivyokuwa.

Nikalala usingizi mzuri. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Nililala kama mtu aliyemwokoa baba yake.

Asubuhi kijiji kizima kilikuwa kisimani. Magogo yalikwisha kuondolewa. Boriti nzima imelazwa juu ya mdomo, ngazi itafungwa hapo, na ncha za kamba zimeachwa ndefu ili zifungwe tena kwenye minazi miwili nyuma, hiki kikikatika kile kishike. Bibi alikuja amevaa suruali ya marehemu babu chini ya nguo yake, kaikunja mara tatu, na hakuna aliyejua kwa nini. Bwana Athmani alimwuliza kama ameposwa jeshini. Bibi akaikunjua ngazi mchangani, akapiga magoti, akaanza kuipitia upya. Kipandio kwa kipandio. Kila fundo analiinua mdomoni, anatikisa midomo, anapuliza, anakwenda la mbele. Wanaume wakaanza kutazamana, jua linapanda. Mimi nilikuwa nyuma ya mguu wa baba. Nikahesabu naye. Saba. Nane. Tisa. Kumi.

Kwenye kumi na moja midomo yake ikasimama.

Alilitia fundo mdomoni mara ya pili. Akalishusha polepole.

"Hili si langu," akasema.

Baba akamwuliza lipi. Bibi akasema amefunga mafundo themanini na manane kwa mikono yake na hili si lake. Akalivuta kwa vidole viwili tu, likatoka kama uzi wa nguo kuukuu. Mti ukachomoka upande mmoja ukaning'inia.

Mtu mwenye akili aliona mara moja: katikati ya kisima, pasipo na ukuta wa kushika, mguu unakanyaga na mti unageuka. Na mtu mwenye akili akajiuliza nani. Macho hayakutafuta sana. Yalikwenda kwa Bwana Athmani, moja moja, kama kuku waliomwagiwa mtama. Baba alimwendea taratibu, na mimi nilimjua baba, taratibu yake ilikuwa mbaya kuliko mbio za mtu mwingine. Akamwuliza jana baada ya alasiri alikuwa wapi.

"Mimi ni mdomo tu, Omari," akasema Bwana Athmani. Uso wake umekuwa rangi ya jivu. "Mdomo tu. Wallahi mkono wangu haujagusa."

Wazee wawili wakasema na aape msikitini. Mtu akamshika bega. Bwana huyo alikuwa akituletea watoto halua kila arudipo Amu, anaigawa kwa wembe, vipande sawasawa, hata mtoto asiye na baba anapata. Nikamtazama ameshikwa bega. Na wakati ule ndipo nilipofahamu jambo ambalo usiku kucha sikulifahamu, kwamba lile fundo lingemwua baba. Siyo kupulizwa kwake. Kufunguliwa kwake.

Nikatoka nyuma ya mguu. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilifika.

"Ni mimi, bibi. Nililifungua ili baba asife. Wewe wayapuliza."

Hapakuwa na haja ya kueleza zaidi. Kila mtu pale alisoma chuo kile kile. Nilisikia mwanamke mmoja nyuma akisema astaghfirullah. Nimemwita bibi yangu mchawi mbele ya kijiji chake, kwenye kisima kilichomwua mwanawe. Baba aliinua mkono na sikukimbia.

"Omari," bibi akasema, "mwache aje."

Nilikwenda nikapiga magoti mbele yake. Alinishika mkono, akavipitisha vidole vyangu juu ya vidole vyake. Vilikuwa vigumu, laini, baridi, kama kifuu kilichopigwa na bahari. Nilikuwa nimelala ubavuni mwake tangu kuzaliwa na sikuwahi kuvigusa kwa makini.

"Vyanda hivi havisikii kitu," akasema. "Tangu babako hajazaliwa. Kamba imevila. Na mato nayo hayaoni tena uzi. Umesalia mdomo. Nagusa kwa mdomo, uzi ukilegea nausikia, kisha napuliza vumbi la makumbi lisiniingie kooni. Ndio uchawi wangu wote."

Na mimi, maana nilikuwa mtoto wa kutaka kesi iishe kabisa, nikamwuliza: na midomo kutikisika je, ni maneno gani?

Alikitazama kisima. Lilikuwa neno moja, jina la yule aliyeangukia humo, nililijua baada ya hapo kila nilipomwona akilisema, na nyinyi pia mmekwisha kulijua.

Kisha akaurudisha mti mahali pake, akanipa ile kamba nyembamba. Akanionyesha mara moja, juu, zungusha, penyeza, vuta, akanifungulia, akaniambia nifunge. Baba akasema mama, mtoto huyu? Bibi akamwambia aliyefungua ndiye atakayefunga. Nilifunga. Jua limenikaa kisogoni, watu wote wamenisimamia, Bwana Athmani ameshika bega lake lile lililoshikwa. Nilivuta mpaka kamba ikanikata kiganja. Bibi akaliinua fundo langu mdomoni. Alikaa nalo muda mrefu kuliko mengine yote. Alipuliza, akaenda kipandio cha kumi na mbili.

Ngazi ilipofungwa kwenye boriti na minazi, baba akavua shati akasogea. Bibi akamweka kando kwa kiwiko.

"Aliyefunga ndiye hushuka mwanzo. Na nifungeni kamba ya kiuno, anayetaka kucheka acheke."

Hakucheka mtu. Ndipo tulipoifahamu ile suruali. Wazee walianza kusema kwamba mwanamke kisimani haijapata kutokea, wakaishia katikati ya maneno. Baba na Bwana Athmani ndio walioshika kamba ya kiuno, bega kwa bega, nayo ni tahadhari tu, maana mwili ule ungeachia ghafla ungevunjika mbavu kwenye kamba ile ile. Bibi akageuka, akatoa mguu, akatafuta kipandio cha kwanza. Niliona ameikumbatia boriti, hataki kuiachia. Sikuwahi kumwona bibi akiogopa kitu, na sikujua kwamba mtu anaweza kuogopa hivyo na bado akashuka.

Nililala kifudifudi kwenye mdomo wa kisima, mama amenikamata nguo. Makumbi yalikuwa yakilia kila akihama, krii, krii. Nane. Tisa. Kiza kikampanda mpaka kifuani. Kumi. Mguu wake wa kushoto ukaenda chini, ukapapasa, ukakigusa cha kumi na moja, ukakaa upande wangu, penye fundo langu. Akasimama. Akauleta na mguu wa pili juu ya kipandio hicho hicho. Kisha akainua uso, mwanga wote wa juu ukamwangukia, akanitazama mimi peke yangu, na akaruka hapo alipo. Mwili wote ule. Mara moja, na boriti ikaguna. Mara ya pili.

Akaendelea kushuka mpaka sikumwona tena, ila kamba zinazotikisika. Zikatulia. Tulisubiri. Alikaa huko kwa muda, pale alipoangukia mwanawe, na hakuna aliyemharakisha. Halafu sauti yake ikapanda, kubwa kuliko kisima:

"Omari, shuka. Yashika."